Kabla ya Kununua Mashine Kariakoo, Andaa Kwanza Mahali pa Kuilaza

Kila masika yakianza, kati ya Machi na Mei, swali moja hurudi kutoka kwa wakulima, wasaga nafaka na mafundi wadogo: "Afisa, mashine yangu imeshika kutu, nipake nini?" Anayeuliza anaweza kuwa na mashine ya kupukuchua mahindi, drili ya mezani, mashine ya kukereza vyuma au kinu cha kusaga. Swali ni lile lile, na jibu analolitarajia ni jina la kopo la dawa.

Mimi nina msimamo tofauti, na leo nauandika wazi. Mashine nyingi zinazokufa kwa kutu hapa Dar es Salaam hazikuharibika kwa kukosa dawa ya kupaka. Ziliharibika kwa sababu mwenyewe alitumia fedha yote kununua chuma, hakubakiza hata kidogo kwa ajili ya mahali ambapo chuma hicho kitalala. Mashine hufanya kazi saa sita au nane, kisha hukaa bila kazi saa zaidi ya kumi na tano. Kutu hufanya kazi yake katika hizo saa za mapumziko.

Utauliza, kwa nini haya yaandikwe kwenye ukurasa wa wakulima? Kwa sababu mashine ya mkulima huanzia Kariakoo. Anayetaka kinu, pampu au mashine ya kupukuchua, awe Kilosa au Mbozi, huja mwenyewe au hutuma fedha kwa ndugu aliyeko mjini. Mashine hutoka kwenye stoo ya Kariakoo, au huchomelewa na mafundi wa Gerezani na uani mwa nyumba za jirani. Fundi wa uani akiwa na mashine yenye kutu, shafti anayokukerezea haitakuwa sawa, na beringi utakayoivalisha hapo haitamaliza msimu. Kwa hiyo kutu ya fundi wa mjini ni hasara ya mkulima wa kijijini.

Maji yanatoka wapi kama paa halivuji?

Wengi huamini kutu huletwa na mvua. Wakiziba paa, wanaona wamemaliza kazi. Kisha asubuhi wanakuta meza ya drili ina rangi ya chungwa na hawajui maji yalipita wapi.

Maji yamo hewani. Chukua chumba cha uani cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 3. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kabisa hapa pwani, hubeba karibu gramu 23 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Piga hesabu ya chumba kizima: ni zaidi ya robo tatu ya lita ya maji yanayoelea bila kuonekana. Hewa hiyo ikigusa kitu chenye joto la chini ya nyuzi 25 hivi, haiwezi tena kubeba maji yote. Inayaacha juu ya kitu hicho.

Umeshaona chupa ya soda ikitoka kwenye friji inavyotoa jasho. Mashine nzito hufanya vivyo hivyo. Usiku inapoa. Asubuhi unafungua mlango, hewa ya joto yenye unyevu wa bahari inaingia, lakini chuma kizito hakipati joto upesi kama hewa. Kwa saa moja au mbili mashine inakuwa chupa ya soda. Tone huenda lisionekane kwa macho, utando mwembamba wa maji tu unatosha. Ndiyo maana kitako kizito cha mashine ya kukereza hupata kutu kabla ya bati jembamba lililo pembeni yake.

Kutu huanza kwenda kasi unyevu wa hewa ukipita asilimia 60 hivi. Asubuhi za masika hapa Dar unyevu hukaribia asilimia 90 au kuipita. Maana yake hatuna msimu mrefu wa kupumzika kama mwenzetu wa Dodoma.

Ongeza chumvi. Upepo wa bahari hubeba chembe za chumvi, na Kariakoo haiko mbali na maji. Chumvi ya mezani huanza kulowana yenyewe hewa ikifika unyevu wa asilimia 75, nawe umeiona ikigandamana kwenye kikopo chake. Chembe hiyo hiyo ikitua juu ya chuma hujitafutia maji na kuyashikilia pale pale. Jasho la mikono lina chumvi pia. Fundi akishika meza ya mashine kwa kiganja chenye jasho jioni, baada ya siku chache utaweza kuhesabu vidole vyake.

Kuna njia mbili nyingine za maji. Ya kwanza ni sakafu. Saruji hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha juu. Ya pili ni bati la paa lisilo na dari. Usiku bati hupoa kuliko kitu kingine chochote ndani ya banda, mvuke huganda chini yake, na karibu na alfajiri hudondoka juu ya mashine. Mwenyewe husema paa linavuja, kumbe halina hata tundu.

Mambo manne tunayoyafanya tukidhani tunalinda

La kwanza ni kufunika kwa nailoni au turubai lisilopitisha hewa. Ukiifunga mashine jioni kwa nailoni mpaka chini, umeufungia na unyevu wa sakafu pamoja nayo. Ukifunua asubuhi utakuta upande wa ndani wa nailoni una matone. Nailoni inafaa kwa saa chache za mvua ya kuvujia, si kwa usiku kucha. Kinachofaa ni shuka kuukuu la pamba au khanga iliyochakaa: inazuia vumbi na inaruhusu unyevu kutoka.

La pili ni oili chafu. Hapa najua nitabishana na mafundi wengi. Mteja akiuliza, huambiwa: "Bosi, paka oili chafu tu, inatosha." Haitoshi, na mara nyingine inaongeza tatizo. Oili iliyokwisha kutumika kwenye injini ina asidi zilizotokana na moto wa mafuta, ina maji na ina chembe za chuma. Hiyo asidi ni mojawapo ya sababu za kuimwaga. Tena hunasa vumbi na unga, na tope linalojengeka hushika maji juu ya chuma. Kwenye mashine ya chakula sina mjadala kabisa: oili chafu ni sumu, isikaribie kinu cha kusaga, mashine ya kukoboa wala ya kukamua alizeti.

La tatu ni kupaka rangi juu ya kutu. Rangi isiyokuwa na msingi safi hufunika tu. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma iliyokila, kwa hiyo chini ya rangi inaendelea kuvimba hadi rangi inainuka kama ngozi iliyoungua. Na sehemu muhimu zaidi za mashine, yaani shafti, nyuzi za bolti, meza na reli za kutelezea, hazipakwi rangi hata kidogo.

La nne ni kutegemea kopo la kupulizia. WD-40 inauzwa karibu kila duka la vifaa na watu wanaiona kama chanjo. Ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa kazi ya kufukuza maji kwenye chuma, na jina lake linatokana na kazi hiyo na jaribio la arobaini lililofaulu. Ni nzuri kwa kusukuma maji na kulegeza nati iliyokwama. Lakini sehemu kubwa ya majimaji yake hukauka, na utando unaobaki ni mwembamba. Ukipuliza Jumamosi na kuondoka mwezi mzima, usitarajie kukuta ulinzi.

Majirani wabaya: mbolea, chumvi na kuku

Hili halisemwi na mafundi kwa sababu wao hawahifadhi mbolea. Sisi tunahifadhi. Stoo ya mfanyabiashara wa kijijini, hata chumba cha nyuma cha duka la mjini, huwa na kila kitu: mifuko ya CAN na urea, chumvi, dagaa, betri ya kuchaji, na pembeni mota mpya iliyofungwa kwenye boksi.

CAN hunyonya maji hewani upesi, na unga wake ukitua juu ya chuma hufanya kazi ile ile ya chumvi. Urea ikilowana hutoa amonia, na amonia hushambulia viunganishi vya shaba ndani ya stata na swichi. Banda la kuku lenye matandiko mabichi hutoa amonia hiyo hiyo. Betri inayochajiwa hutoa mvuke wenye asidi. Kwa hiyo kabla hujauliza upake nini, uliza mashine yako inalala na nani. Kama huna vyumba viwili, weka mbolea na chumvi ndani ya mapipa yenye mifuniko, na uiweke mashine upande ule unaopata upepo kwanza.

Mahali pa kulaza mashine: gharama ni ndogo kuliko beringi

Anza na sakafu. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita juu ya saruji, kizibe kingo zote kwa gundi ya karatasi, kisha ukiache usiku na mchana mzima. Ukikuta matone chini yake au saruji imebadilika rangi, sakafu yako inapandisha maji. Iinue mashine kwa mbao ngumu kavu, palleti, au stendi ya chuma yenye miguu iliyovalishwa mpira. Sentimita 10 hadi 15 zinatosha hewa kupita chini.

Nenda kwenye paa. Kama huwezi kuweka dari, tundika hata gunia safi au ubao mwembamba kati ya bati na mashine, lakini isiguse mashine.

Kisha hewa. Kariakoo watu hufunga kila tundu kwa hofu ya wezi, na hofu hiyo ina sababu. Lakini matundu mawili yenye nondo na wavu, moja karibu na sakafu na jingine juu upande wa pili, hayapitishi mwizi. Yanapitisha hewa. Feni nayo inasaidia kuliko wengi wanavyodhani. Haiondoi unyevu hewani, ila hupeleka hewa juu ya chuma mfululizo, chuma kikapata joto sawa na hewa upesi na jasho likakosa nafasi. Asubuhi ya masika, ukifungua mlango, washa feni ielekee mashine kabla hujaanza kupanga kazi.

Kwa mashine ndogo au kabati la vifaa, joto kidogo ndilo dawa bora. Bulbu ya zamani ya waya, ya wati 40, ndani ya kabati la chuma au boksi la mbao hufanya vitu vya ndani vibaki na nyuzi chache juu ya hewa ya nje, na kitu chenye joto kuliko hewa hakitoi jasho. Kwa saa 12 hutumia karibu nusu uniti ya umeme. Bulbu za LED hazifai kwa kazi hii kwa sababu hazitoi joto la kutosha. Lakini bulbu isiguse kitambaa, karatasi wala mbao, na isiwekwe kamwe karibu na mafuta ya taa au petroli. Sisi watu wa Kariakoo tuliona soko letu kuu likiungua Julai 2021, hatuhitaji kukumbushwa moto ni nini.

Kwa masanduku ya vifaa vidogo kama vipimo, keki za drili na vikataji, kuna mali inayotupwa kila siku mitaani kwetu. Viatu na mabegi yanayoingia Kariakoo huwa na vipakiti vidogo vyenye chenga nyeupe zinazonyonya unyevu. Waombe wauza viatu wakuwekee. Weka kumi au kumi na tano ndani ya sanduku linalofunga vizuri. Kwenye chumba kizima havitafanya chochote, lakini ndani ya sanduku vinafaa. Viweke mbali na watoto.

Vijiti vya kuchomelea navyo viwe kwenye kopo lenye mfuniko. Kijiti kikinyonya unyevu hurusha cheche ovyo na kuacha vitundu ndani ya kiungo. Kiungo hicho ndicho kitakachokatika mahindi yakiwa yamejaa kwenye mashine yako ya kupukuchua.

Dakika tano za jioni

Hii ndiyo kazi ya kila siku. Nimeipanga kwa mfuatano kwa sababu ukiruka hatua ya kwanza, ya mwisho haina maana.

1. Ondoa vumbi, unga na chenga za chuma kwa brashi. Usitumie maji. Vumbi la mbao na unga hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma.

2. Futa kwa kitambaa kikavu kila mahali palipoguswa na mikono.

3. Paka utando mwembamba wa oili mpya ya injini au ya mashine kwenye meza, shafti na reli. Kitambaa kiwe na oili kidogo tu. Ukiona inachuruzika, umezidisha, na utavuna vumbi.

4. Funika kwa shuka la pamba.

Robo lita ya oili mpya humtosha fundi mwenye drili na mashine ndogo ya kukereza kwa muda mrefu. Linganisha bei yake na beringi moja nzuri, kisha ongeza siku mbili za kusimamisha kazi.

Kwa sehemu zinazogusa chakula, kama nyundo na chujio za kinu, utaratibu ni mwingine. Usipake oili ya injini hata kama ni mpya. Mafuta ya kupikia nayo si chaguo zuri, kwa sababu baada ya wiki kadhaa hugeuka kuwa gundi na kunuka. Kama kinu kinasaga kila siku, kusafisha na kukausha kunatosha. Kama kitalala wiki kadhaa, paka kidogo parafini ya maji inayouzwa duka la dawa. Tahadhari, hayo si mafuta ya taa. Ukianza tena kusaga, pitisha kwanza pumba kilo mbili au tatu, kisha zitupe. Mteja asianze kuona madoa ya kahawia kwenye unga wake, kwa sababu ataondoka na hatakwambia kwa nini.

Msimu ukiisha

Mashine ya kupukuchua hufanya kazi wiki chache, kisha hulala miezi. Hapa utando wa oili hautoshi. Safisha vizuri, legeza mkanda usikae umevutwa, kisha changanya grisi sehemu moja na mafuta ya taa sehemu tatu. Fanya hivyo nje, mbali na moto na sigara. Paka kwa brashi kwenye shafti, puli na bolti zote. Mafuta ya taa yataruka na kuacha ngozi nyembamba ya grisi iliyoingia hadi kwenye nyuzi za bolti. Sehemu za kugusa nafaka usizipake mchanganyiko huu.

Kila wiki mbili izungushe kwa mkono mizunguko kadhaa, isisimame ilipokuwa. Beringi iliyotulia mahali pamoja kwa miezi hushika kutu pale pale gololi zinapogusa, na ukiwasha utaisikia inalia. Mota ya umeme iwashwe ikiwa tupu dakika kumi, joto lake lenyewe likaushe koili.

Kama maji ya mafuriko yameingia, usiwashe ili "kujaribu kama bado ipo". Wakazi wa bonde la Msimbazi wanayajua haya tangu mafuriko ya Desemba 2011, na hata karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani imeingiwa na maji zaidi ya mara moja. Osha tope kwa maji safi, ifunguliwe, ikaushwe siku kadhaa, kisha fundi umeme apime kama koili hazivujishi umeme. Aliyeharakisha kuwasha ndiye hununua mota mpya.

Kutu ya juu juu kwenye vipande vidogo huondoka kwa kuloweka ndani ya siki usiku mmoja, kusugua, kusuuza kwa maji yenye magadi kidogo, kukausha papo hapo na kupaka oili. Asidi ya betri usiiguse kwa kazi hii. Na reli za mashine ya kukereza zisisuguliwe kwa msasa mkali. Utaondoa kutu pamoja na unyoofu wa mashine, na kutu ina nafuu kuliko reli iliyopinda.

Ukija Kariakoo kununua

Rangi inayong'aa isikuvutie. Tazama mahali ambapo rangi haifiki: nyuzi za bolti, nyuma ya puli, ncha ya shafti. Omba nati moja ifunguliwe mbele yako. Ikilia na kutoa unga wa kahawia, umeshapata jibu. Zungusha kwa mkono, isiwe na mahali inapokwama. Kwaruza rangi kidogo kwa ukucha pembeni. Rangi laini juu ya uso wenye vipele imepakwa juzi kwa ajili yako.

Mashine mpya zilizosafiri baharini mara nyingi huja na mafuta mazito yanayonata kwenye vyuma vyeupe. Usikubali muuzaji ayafute ili zionekane safi. Hiyo ndiyo nguo yake ya safari, nawe utayafuta kwa mafuta ya taa siku ya kuifunga.

Na safari yenyewe ina hatari yake. Mashine iliyofungwa kwa nailoni katika joto la Dar imefungwa pamoja na hewa ya Dar. Ikifika Makambako au Njombe usiku kwenye baridi, unyevu ule wote hugeuka maji ndani ya nailoni. Ifungue mara tu ifikapo, ifute, ipake oili, hata kama umeme bado haujavutwa. Na usikubali ipakiwe pamoja na magunia ya chumvi au dagaa.

Kwa wanaosema haiwezekani

Najua hoja ya mafundi wa mjini: chumba ni kidogo, kodi ni kubwa, ua ni wa watu sita, hakuna nafasi ya kujenga banda la kisasa. Ni kweli. Lakini sikusema banda la kisasa. Nimesema mbao nne, shuka kuukuu, oili robo lita na dakika tano. Kati ya hivyo hakuna kinachodai mita moja ya ziada. Mwenye chumba kidogo ndiye anayevihitaji zaidi.

Wapo pia wanaosema kutu ni hali ya pwani, haina mshindani. Watazame wavuvi wa Feri na mafundi wa boti. Wanafanya kazi ndani ya maji ya chumvi yenyewe, na mwenye injini ya boti anayejali mali yake huisuuza kwa maji baridi kila arudipo. Pwani haijamshinda. Ilimfundisha ratiba.

Hoja yangu ya mwisho inawahusu wanaotoa na wanaoomba mikopo. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kikiomba mashine huleta mchanganuo wenye bei ya mashine, usafiri na umeme. Natamani kila anayepitia mchanganuo aulize swali moja zaidi: mashine hii italala wapi? Stendi, dari ya gunia, matundu mawili na oili ya mwaka mzima viwe na mstari wao kwenye mchanganuo. Mkopo unarejeshwa kwa mashine inayozunguka. Ikikwama masika ya pili, deni halikwami, na wanaobaki kulilipa ni wale wale waliotarajia kujikwamua.

Kwa hiyo ndugu yangu unayepanga kuja Kariakoo mwezi ujao na fedha za mavuno, toa sehemu ndogo kabla hujafika dukani. Iache nyumbani kwa ajili ya sakafu, hewa na oili. Kama itakubidi kununua mashine ndogo kidogo kuliko uliyoiota, nunua hiyo ndogo. Mwaka wa tano utakuta bado inasaga.

Maswali yenu nayapokea kama kawaida. Ukiuliza kuhusu kutu, anza kwa kuniambia mashine inalala wapi, iko juu ya nini na inalala na nini. Jina la dawa tutalitafuta baadaye.